Usifunge Sanduku la Zamani Kabla ya Kuhesabu Barua

Juma hili naziacha kando barua nyingine zote zilizo mezani pangu nipate kujibu moja tu, maana mwenyewe amebakiwa na siku chache. Ameandika bibi mmoja aliye karani katika shule ya sekondari ya bweni, huku kwetu Tanzania. Nayafupisha maneno yake:

“Shikamoo Babu. Shuleni kwetu tuna anwani tisa za barua pepe, na zote zimo katika seva ya kampuni moja ya mjini tunayoilipa kila mwaka. Mkuu wa shule ameamua tuhamie seva nyingine, kwa sababu ya sasa hujaa kila mara na barua za watu zinarudi. Mkataba wetu wakwisha mwisho wa mwezi huu. Kijana wa kompyuta aliyepewa kazi hii asema ni kazi ya saa moja, nisiwe na wasiwasi. Lakini sanduku la ofisi peke yake lina gigabaiti 12. Humo mna barua za wazazi za miaka tisa, stakabadhi za ada, na barua za wafadhili wanaowalipia watoto yatima. Zikipotea nitaulizwa mimi, si yeye. Je, niwe na wasiwasi au nisiwe nao?”

Marahaba, binti yangu. Uwe nao. Wasiwasi wako ndio utakaoziokoa barua hizo, mradi tu uugeuze kuwa kazi.

Nina sababu ya kusema hivyo, wala sikuisoma kitabuni. Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa chama kimoja kidogo cha ushirika, nasi tulihama vivyo hivyo. Nasi tuliambiwa saa moja. Kijana alikuja Ijumaa jioni, akafanya kazi yake, akatuonyesha: barua zote zilizoingia zimo katika sanduku jipya, kwa tarehe zake, safi kabisa. Tukampa soda, tukamlipa, tukaagana. Mwezi ulipokwisha kampuni ya zamani ikaifuta nafasi yetu, kama mkataba ulivyosema. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za zile barua tulizozituma sisi. Barua zilizotumwa hukaa katika folda yake mbali, na folda hiyo haikuguswa.

Miezi minane ikapita bila mtu kujua. Ndipo akaja mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa ghala letu. Alikuwa anadai malipo yake ya uzeeni, akaambiwa alete ushahidi wa mwaka alioanza kazi. Ushahidi huo mimi mwenyewe nilikwisha kuutuma kwa barua pepe zamani, na ndani yake nilitia picha ya daftari la mishahara. Daftari lenyewe lilikwisha kuliwa na mchwa. Nikafungua kompyuta nimtolee nakala. Hamna kitu. Mzee alikaa kwenye benchi letu tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane, akisubiri niseme jambo. Mwishowe alilipwa, lakini baada ya mwaka mzima na zaidi, kwa kiapo mbele ya hakimu, na kwa nauli nyingi za basi ambazo hakuna aliyemrudishia. Kwa muda mrefu sikupenda kupita karibu na nyumba yake.

Haya. Tuziangalie barua zako.

Watu wengi hudhani barua pepe hupotea njiani, kama mzigo ulioanguka kutoka juu ya basi. Ni nadra sana. Kanuni ambazo seva za dunia nzima huzifuata katika kupeana barua ziliandikwa na Mmarekani Jonathan Postel mwaka 1982, zikaandikwa upya mwaka 2008, na zilitungwa na watu waliojua kwamba mitambo huharibika. Seva ya mtumaji ikibisha hodi ikakuta mlango umefungwa, au ikijibiwa kwa namba inayoanza na 4, maana yake ni “sasa hapana, rudi baadaye”. Basi haiitupi barua. Huiweka, hurudi tena na tena, na kanuni zaishauri isikate tamaa mpaka zipite siku nne au tano. Lakini ikijibiwa kwa namba inayoanza na 5, kwa mfano 550, maana yake ni “hapa hapana mtu wa jina hilo”. Hapo humrudishia mwenye barua palepale, wala haijaribu tena.

Naomba ulishike sana neno hili, kwa kuwa ni kinyume cha vile tunavyoogopa. Seva iliyozimika siku nzima kwa ajili ya umeme haikupotezei kitu. Seva iliyo hai, ila imelisahau jina la mtu mmoja, ndiyo inayofukuza wageni mlangoni.

Basi, kama si njiani, barua hupotea wapi? Hupotea katika sanduku la zamani, kwa kuwa hazikunakiliwa. Tena hupotea katika sanduku la zamani, kwa kuwa ziliendelea kuingia humo baada ya watu kuhama. Nimesema la zamani mara mbili, wala sikukosea. Kila mtu katika siku hizo hulitazama sanduku jipya, jinsi linavyong'aa na kufunguka upesi. Wewe mwekee kijana wako jambo moja wazi tangu mwanzo: ninyi wawili mtalitazama la zamani.

Kabla hajagusa kitu chukua karatasi, uandike kila anwani iliyo na jina la shule nyuma ya alama ya @. Wewe umeniambia ni tisa. Mimi sisadiki kwamba ni tisa. Hizo tisa ni zile zenye mtu anayezifungua kila asubuhi. Lakini je, ile iliyoandikwa kwenye fomu za kujiunga? Ile iliyochapishwa chini ya risiti za ada? Mara nyingi anwani kama hizo hazina sanduku lake zenyewe. Kazi yake ni kupeleka barua kwa watu wengine wawili watatu. Kwa kuwa hazina barua ndani yake, kijana akihamisha masanduku hatazikuta. Siku ya pili mzazi aandika kwa anwani ya risiti, ajibiwa 550, hapana mtu wa jina hilo. Mzazi afikiri shule imefungwa, ninyi mwafikiri mzazi hataki kulipa. Kampuni ya zamani inayo orodha ya anwani hizo zote. Waombe wakupe kwa maandishi, kisha uilinganishe na fomu zako na risiti zako za miaka yote tisa.

Kisha nenda chumba cha mhasibu. Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo nyumba nyingi huungua.

Kompyuta husoma barua zilizo kwenye seva kwa njia mbili. Moja huitwa POP, ya pili IMAP. POP ni kama mtu aendaye posta na mfuko: hufungua sanduku, hutia kila kitu mfukoni, huenda zake nyumbani, na sanduku hubaki tupu. Yaweza kuamriwa iache nakala nyuma, lakini katika programu nyingi za zamani desturi yake ilikuwa kutoacha. IMAP, iliyoanzishwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ni kama mtu asomaye barua zake pale pale posta na kuzirudisha mahali pake. Kwa njia hii barua hukaa kwenye seva, nawe waweza kuzisoma kwa kompyuta na kwa simu pia.

Sasa, kama kompyuta ya mhasibu ilifungwa miaka tisa iliyopita na mtu aliyechagua POP, barua za ada haziko kwenye seva hata kidogo. Ziko ndani ya kompyuta ile chini ya meza yake, ile inayovuma kama mashine ya kusaga. Kijana atahamisha sanduku la mhasibu kwa uaminifu mkubwa, atakuta barua arobaini, atanakili arobaini, naye hatakuwa amesema uongo akikuambia zote zimehama. Tena mhasibu hataona upungufu wowote, maana zake za zamani aziona palepale kwenye kioo kama siku zote. Ataziona mpaka siku ile kijana atakapoiondoa anwani ya zamani katika programu, au siku diski ya kompyuta itakapokufa.

Hivyo waulize watu wote tisa, mmoja mmoja: ukifungua barua zako kwa simu, au kwa kompyuta ya mtu mwingine, waziona zote mpaka zile za mwaka juzi? Akisema aziona za juzi na jana tu, jua ni POP. Kama atumia Outlook, barua hizo zimo katika faili moja kubwa ambalo jina lake laishia kwa .pst. Programu ifungwe kabisa kwanza, ndipo faili linakiliwe. Ikiwa ni Outlook ya miaka ile ya 2002 na kurudi nyuma, fanyeni haraka zaidi, kwa sababu faili lake halikuweza kuzidi gigabaiti 2, na likifika hapo laweza kuharibika lote pamoja. Nimekwisha kuona kompyuta za namna hiyo zikiendelea kufanya kazi katika ofisi za heshima kabisa.

Baada ya hapo, hesabu. Katika kila sanduku andika kila folda na idadi ya barua zilizomo: zilizoingia, zilizotumwa, rasimu, na zile folda ndogo ndogo ambazo watu hujitengenezea, “Wafadhili”, “Mitihani”, na kadhalika. Chora safu mbili, ya kushoto “zamani”, ya kulia “mpya”. Ya kulia iache tupu. Hiyo ndiyo silaha yako, nayo ni karatasi moja. Laiti ningalikuwa nayo mwaka ule, ningaliona kwa jicho moja kwamba folda ya zilizotumwa ina barua elfu kadhaa kushoto na sifuri kulia, na yule mzee angalilipwa kwa wakati wake.

Tena kabla ya kuhama, toeni nakala nzima ya masanduku yote, mwiweke katika diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe. Nasema ichomolewe. Wengine husema, “Ya nini? Seva hizi kubwa zina nakala zake wenyewe.” Sawa, zinazo. Lakini sikilizeni yaliyoipata Google mwezi wa Februari mwaka 2011. Waliingiza programu mpya katika ghala zao za barua za Gmail, na programu hiyo ilikuwa na kosa. Watu wachache, kama 0.02 kwa mia ya wote, waliamka wakakuta masanduku yao matupu. Kila barua ilikuwa imewekwa nakala kadhaa mahali mbalimbali, lakini kosa lile lilizipitia nakala hizo zote, kwa kuwa zote zilikuwa hai na zimeunganishwa. Kilichowaokoa ni kanda za sumaku, mtambo wa kizamani kabisa, zilizokuwa zimekaa kando bila kuunganishwa na kitu. Wakazirudisha barua kutoka humo, kazi iliyochukua saa nyingi zaidi kuliko kawaida. Nakala inayofuata kila jambo linalotendwa kwa barua yenyewe, hufuata hata kufutwa.

Diski hiyo isiende nyumbani katika begi la kijana. Mna majina ya watoto humo, na magonjwa yao, na hali za wazazi wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawahusu ninyi pia. Iwekwe katika sefu ya shule, na maneno ya siri uliyompa kijana yabadilishwe kazi ikiisha.

Sasa kuhamisha kwenyewe. Na hapo neno “kuhamisha” ndilo lenye hatari. Barua hazihamishwi, hunakiliwa. Nimewaona watu wakifungua masanduku mawili bega kwa bega katika programu moja, la zamani na jipya, kisha wakaziburuta barua kwa kipanya kutoka huku kwenda kule. Kwa kufanya hivyo kompyuta huiweka barua upya na kuifuta ya zamani. Mtandao ukikatika katikati, na kwetu hukatika, huna tena sanduku moja kamili mahali popote. Una nusu huku na nusu kule, na kati ya nusu hizo mbili hujui ni ipi.

Tena kuburuta kwapitisha kila barua katika laini yenu wenyewe mara mbili, kuteremka na kupanda. Piga hesabu: gigabaiti 12 katika laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde ni sekunde 48,000, yaani zaidi ya saa 13, bila kuhesabu kuteremka, na bila umeme kukatika hata mara moja. Kifurushi cha mwezi mzima chakwisha kwa sanduku moja. Njia iliyo njema ni seva ya zamani kuongea na seva mpya moja kwa moja, ninyi mkiwa watazamaji. Seva nyingi mpya zina chombo chake cha kufanyia hivyo. Kama hakuna, iko programu inayojulikana sana na mafundi, imapsync, iliyotungwa na Mfaransa Gilles Lamiral. Hiyo hunakili bila kufuta, hutunza tarehe na alama za zilizosomwa, na ukiirudia mara ya pili huchukua zile tu zilizopungua. Ina pia amri za kufuta. Mwambie kijana asizitumie. Na iendeshwe mbali na laini ya shule, katika mashine iliyo na mtandao wa nguvu.

Muulize vilevile kama seva mpya ina kikomo. Google, kwa mfano, kwa wanaopandisha barua kwa njia ya IMAP, huruhusu megabaiti 500 kwa siku katika sanduku moja. Kwa sanduku lako la ofisi hizo ni siku 24. Ndiyo maana anayehamia huko afadhali atumie chombo chao wenyewe cha kuhamishia, ambacho hakipiti katika mlango huo. Mwonyeshe kijana hesabu hii kwa upole. Ile saa moja yake si uongo. Ni saa ya kugeuza kibao, nami nakuja kwenye kibao sasa hivi.

Mambo mawili madogo ya kutazama wakati wa kunakili. Seva hazikubaliani juu ya jina la folda ya zilizotumwa. Moja huiita “Sent”, ya pili “Sent Items”, ya tatu “Sent Messages”. Nakala yaweza kufika salama ikakaa katika folda ambayo hakuna anayeifungua, na watu wakadhani imepotea. Na barua nzito sana, zenye picha au vitabu ndani yake, seva mpya yaweza kuzikataa kwa ukubwa wake. Programu huandika orodha ya zilizokataliwa mwishoni mwa kazi. Orodha hiyo mafundi wengi hawaisomi. Isome wewe.

Kibao sasa. Katika intaneti liko daftari kubwa la majina, mafundi huliita DNS, na ndani yake jina la shule yenu lina mstari uitwao MX. Mstari huo ndio kibao kilicho njia panda kinachosema: barua za shule hii zipelekwe seva fulani. Kuhama ni kukigeuza kibao hicho kielekee seva mpya. Tatizo ni kwamba seva za dunia hazirudi njia panda kila mara kusoma. Hukumbuka walichosoma kwa muda ulioandikwa juu ya kibao chenyewe, kwa sekunde. Muda wa sekunde 86,400 ni siku nzima. Kwa siku hiyo nzima baada ya kugeuza, wengine watapeleka barua kwenu kupya na wengine kwenu kwa zamani, bila kosa lao.

Dawa yake yajulikana. Siku mbili tatu kabla ya kugeuza, muda huo upunguzwe mpaka sekunde 300, yaani dakika tano. Kisha mgeuze kibao siku ya utulivu, mathalani Ijumaa jioni wakati wa likizo. Si juma la kuandikisha watahiniwa. Lakini kabla ya kugeuza, kila anwani iliyo kwenye karatasi yako iwe imekwisha kutengenezwa kwenye seva mpya, maana mgeni wa kwanza aweza kufika baada ya dakika moja. Na pamoja na MX kijana arekebishe mstari mwingine uitwao SPF, unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu. Akiusahau, barua zenu kwa wazazi zaweza kuishia katika folda ya takataka.

Kibao kikigeuzwa, usiku ule ule na asubuhi yake, imapsync iendeshwe tena, ichukue zile zilizoingia kwenu kwa zamani katikati ya safari. Kisha baada ya siku tatu, tena. Kisha baada ya juma, tena.

Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazuri huuangukia, nami nakuandikia hasa kwa sababu yake. Je, tovuti ya shule nayo imo katika seva ile ile ya zamani? Ikiwa imo na itabaki humo, fahamu kwamba seva hiyo yaweza kuendelea kujiona ndiyo mwenyeji wa barua zenu. Mzazi akijaza fomu ya maulizo kwenye tovuti, seva haiendi njia panda kusoma kibao. Yasema, “Hawa si watu wa humu humu?” na yaitia barua katika sanduku la zamani. Hufanya hivyo leo, na kesho, na mwaka kesho, wala hakuna arudishiwaye kitu. Hata shule nyingine au duka lolote lililokodi nafasi katika seva ile ile, barua zao kwenu zitaishia humo. Katika mitambo ya kampuni hizi kuna mahali pa kuchagua kama barua za jina hilo ni za humu ndani au za mbali. Ichaguliwe ya mbali. Kisha wewe mwenyewe ujaze fomu ya tovuti, uandike “najaribu”, uone imefikia wapi.

Kuna vitu visivyosafiri na barua kabisa. Orodha ya anwani za watu, kalenda ya mikutano, kanuni za kupanga barua katika folda: IMAP haivichukui hivyo. Vyatolewa kimoja kimoja na kuingizwa kimoja kimoja. Ukikumbuka mapema ni kazi ya mchana mmoja.

Ndipo uijaze safu yako ya kulia. Folda kwa folda. Hesabu zikitofautiana kwa mbili tatu, tafuta sababu, yaweza kuwa zile nzito zilizokataliwa. Usiridhike na hesabu peke yake. Fungua barua ya zamani kuliko zote, na iliyo nzito kuliko zote, na nyingine kumi za hapa na pale zenye picha au faili ndani, uone kama vyafunguka. Tazama kama tarehe ni za siku zake, au zote zimekuwa za juma hili. Mwite mhasibu azifungue zake mwenyewe, na mwalimu wa taaluma zake, nao waweke sahihi kwenye karatasi. Mtu akiweka sahihi hutazama vizuri zaidi.

Sasa ule mkataba wa mwisho wa mwezi. Umeona kwamba kazi hii haiingii katika siku ulizobakiwa nazo. Nenda kwa mkuu wa shule leo, usingoje kesho, umwambie shule iombe kampuni ya zamani nyongeza ya miezi miwili, hata kwa kulipia, na jibu lije kwa maandishi. Akiuliza ni ya nini kulipia nyumba mbili, mpe karatasi yenye safu mbili, na ile ya kulia bado tupu, halafu mtaje kwa jina mtoto mmoja ambaye mfadhili wake mna barua zake humo. Wakikataa kuongeza, basi nakala ya diski ifanywe kwanza, juma hili hili, kabla ya jambo lingine lolote. Hiyo haimngoji mtu.

Na kijana wako usimfanye adui. Mwambie soda yake ipo, ila ataipewa safu ya pili ikijaa.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitamjibu yule bwana anayeuliza kama yafaa kutunza hati ya kiwanja kwa picha ya simu.